Likasi, Lubumbashi na masale yao: nani anashika ufunguo?

Kwa mutoto wa Likasi anayependa basketi, mwaka uko na vipande viwili: wakati wa jua na wakati wa mvua. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4, wingu likifunga tu, mupira unarudi nyumbani. Uwanja wa sementi ukilowa unateleza, na mutu anaweza kuvunjika mukono juu ya mechi ya urafiki. Wenye kucheza ngumi na judo nao wanatafuta baraza ao darasa la shule lenye nafasi. Kwaya inayotaka kufanya konseri inaomba kanisa. Mwanamuziki asiyekuwa wa kanisa anaenda ku baa.

Hii njo sababu watu wanarudia kila mara swali moja: mbona muji wa mashaba, uliolisha inchi nzima kwa miaka mingi, unakosa ukumbi muzuri wenye paa kwa michezo na muziki?

Jibu haliko mu ukosefu wa mali peke yake. Ukifuata historia ya masale mu Haut-Katanga, toka kambi za Union Minière mpaka ukumbi mukubwa wa Lubumbashi, unaona jambo moja linarudia. Kila sale ilikuwa na mwenyewe, na mlango wake ulifunguka ao kufungwa kufuatana na huyo mwenyewe. Yeye akianguka, sale inaanguka naye. Akibadilika, kazi ya sale inabadilika pia.

Sale ya michezo ni kitu gani?

Watu wengi wanafikiri sale ya michezo ni hangari yenye mabati tu. Hapana. Uwanja wa basketi uko na urefu wa metre 28 na upana wa metre 15. Wa voleboli ni metre 18 kwa 9. Wa handiboli ni mukubwa kuliko yote: metre 40 kwa 20. Kwa hiyo mutu anayejenga kwa kipimo cha basketi anafungia handiboli mlango tangu siku ya kwanza. Paa nalo sharti liwe juu, metre 7 ao zaidi bila nguzo wala taa kuzuia, kwani mupira wa voleboli unapanda sana.

Kisha kunakuja chini ya kukanyaga. Mbao nzuri zinasaidia magoti ya wachezaji, lakini maji yakiingia zinavimba na kupinda. Sementi inadumu, lakini inaumiza. Kwa muziki kuko shida ingine: ukuta mutupu na mabati vinarudisha sauti, na maneno ya mwimbaji yanageuka makelele. Tena mvua ya Katanga ikipiga bati lisilo na kitu chini yake, hakuna kipaza sauti kitakachoshinda.

Sale ya kazi zote mbili inawezekana, lakini inataka hesabu kabla ya kujenga. Inataka pia mutu wa kuichunga kila siku kisha sherehe ya kukata utepe.

Muji uliozaliwa na kampani

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 mwezi wa 10, 1906. Njia ya treni kutoka kusini ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka wa 1910. Likasi, karibu kilometre 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya kwenda Kolwezi, ilikua kufuatana na shaba: mugodi kwanza, kisha viwanda vya Panda na Shituru. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba mwaka wa 1929. Mwaka wa 1931 muji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mumoja wa wakubwa wa Union Minière. Jina la Likasi lilirudi rasmi mwaka wa 1966.

Mu muji wa namna hiyo kampani haikuwa tu mwenye kulipa mushahara. Nyumba ilikuwa yake. Mposho ulitoka kwake. Hospitali ilikuwa yake, na shule ilikuwa mu mikono ya mapadri waliofanya kazi pamoja naye. Kuelekea mwaka wa 1928, Union Minière iliacha desturi ya kuleta wanaume kwa muda mufupi na kuwarudisha mu vijiji. Iliona heri mufanyakazi akae na bibi na watoto, azoee kazi, asikimbie. Kambi ikawa fasi ya kuishi, na fasi ya kuishi inataka burudani.

Serkle, sinema na mupira

Hapo njo mizizi ya masale yetu iko. Mu kambi kulikuja serkle, nyumba ya kukutania kisha kazi: kuzungumza, kusikiliza muziki, kucheza karata, kutazama sinema. Kulikuja pia foyer social, fasi ya wamama kujifunza kushona, kupika na kulea watoto. Kulikuja mazoezi ya viungo, skauti, fanfare na kwaya.

Mapadri Wabenediktini walikuwa mbele mu kazi hiyo. Kwao michezo ilikuwa njia ya malezi. Kwa kampani ilikuwa njia ya amani mu kambi. Mutu aliyechoka na mupira siku ya yenga hana nguvu ya kufanya mukutano wa siri. Mufano unaojulikana kuliko yote uko Lubumbashi: timu ambayo leo ni TP Mazembe ilianzishwa na Wabenediktini mwaka wa 1939.

Lakini milango haikuwa moja. Wazungu walikuwa na serkle yao, na wafanyakazi weusi yao. Mu muji, mutaa wa wazungu na site ya watu weusi viliachana kabisa, na kutembea usiku mu mutaa wa wazungu kulitaka ruhusa. Mu serkle ya wafanyakazi nayo, kampani ilichagua nani aingie, saa gani taa zizimwe, sinema gani ionyeshwe. Watu walipata burudani ya kweli, na wazee wengi wanaikumbuka kwa furaha. Lakini ufunguo haukuwa mu mufuko wao.

Mwezi wa 12, 1941: uwanja wa kampani

Siku moja mu historia ya Katanga inaonyesha maana ya neno hili "mwenyewe" kuliko zote.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, bei za vitu zilipanda na kazi ya migodi iliongezeka, lakini mishahara ya watu weusi ilibaki nyuma. Mu siku za kwanza za mwezi wa 12, 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi. Panda na Shituru, hapa Likasi, zilikuwa mu mugomo. Élisabethville nayo iliingia.

Kule Élisabethville, wagomaji walikusanyika ku uwanja wa mupira wa kambi. Ilikuwa fasi waliyoizoea, kubwa ya kutosha watu wote. Tarehe 9 gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari. Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa. Askari walipiga risasi mu kundi la watu, na makumi ya wafanyakazi walikufa fasi ileile walipokuwa wanashangilia magoli siku ya yenga.

Uwanja ulikuwa wa kampani. Siku wafanyakazi walipoutumia kwa jambo lao, haukuwa tena fasi ya mchezo.

Muziki ulikuwa inje

Mu miaka ya 1950 muziki wa Jadotville ulijulikana mbali sana, lakini haukutoka mu sale kubwa. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kurekodi, alifika Jadotville na kumusikia kijana mumoja akipiga gitaa ku barabara. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, mutoto wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka wa 1930. Kati ya nyimbo alizorekodi wakati huo kuko "Masanga", ambayo mpaka leo wapiga gitaa wa inchi mingi wanajaribu kuiga vidole vyake.

Mwenda na ndugu yake Édouard Masengo walifika mpaka Nairobi kufanya kazi ya muziki. Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga gitaa ku festivali ya Newport, Marekani. Alikufa mwaka wa 1990 mu ajali ya barabarani, Zambia. Mutu aliyepeleka jina la Katanga mbali hivyo alianzia inje, ku barabara ya Jadotville, bila kulipia tikiti wala kuomba ufunguo.

Kwa upande wa kwaya, Élisabethville ilikuwa na Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, waliolelewa na Wabenediktini. Joseph Kiwele, mutunzi wa muziki wa kanisa, aliunganisha sauti za Katanga na mafundisho ya muziki wa Ulaya. Mwaka wa 1958 onyesho la ngoma za Katanga lenye jina la Changwe Yetu lilipelekwa Bruxelles ku maonyesho makubwa ya dunia.

1956: ukumbi mukubwa wa Élisabethville

Mu miaka hiyo bei ya shaba ilikuwa juu na Élisabethville ilijiona muji mukubwa. Kati ya 1953 na 1956 kulijengwa théâtre ya muji, iliyochorwa na fundi Mubelgiji Claude Strebelle. Fundi huyu alifanya kazi nyingi Élisabethville. Jumba la makumbusho, ambalo leo ni Musée national de Lubumbashi, ni kazi yake pia.

Théâtre hiyo ilikuwa sale ya kweli: jukwaa, viti, nafasi ya wanamuziki, hesabu ya sauti. Ilikuwa alama ya muji. Mutu akifika Élisabethville alionyeshwa théâtre kama vile alivyoonyeshwa kiwanda na bomba lake refu la moshi.

Lakini ilijengwa upande wa muji wa wazungu, kwa desturi za wazungu, mu wakati ambapo watu wengi wa Élisabethville walikaa ku site: Kamalondo, Kenya, Katuba. Feza ya shaba ilijenga, mikono ya watu weusi ilibeba matofali, lakini mufanyakazi wa kawaida hakuwa mutu aliyefikiriwa wakati wa kupanga viti.

Mambo yalianza kusogea polepole. Mwezi wa 12, 1957, Léopoldville, Élisabethville na Jadotville zilifanya uchaguzi wa kwanza wa komine. Kwa mara ya kwanza mukaaji mweusi wa Likasi alichagua wakubwa wa komine yake. Tangu hapo mwenyewe mwingine alizaliwa kando ya kampani na kanisa: komine. Alikuwa na haki ku karatasi, lakini mufuko wake ulikuwa mwepesi.

Toka théâtre mpaka Bâtiment du 30 juin

Uhuru ulikuja tarehe 30 mwezi wa 6, 1960. Siku kumi na moja nyuma, tarehe 11 mwezi wa 7, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga inajitenga na Kongo. Joseph Kiwele, yule mwalimu wa muziki, alikuwa mu serkali ya Katanga, na ni yeye aliyetunga wimbo wake wa taifa. Vita vilifika Likasi pia: mwezi wa 9, 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa Jadotville siku tano mpaka walipokosa maji na risasi. Kujitenga kuliisha mwezi wa kwanza, 1963.

Théâtre ya Élisabethville ilikuwa na miaka minne tu wakati haya yote yalianza. Nyuma ya pale jengo lilichukua jina la Bâtiment du 30 juin, na leo ndani yake munakaa Assemblée provinciale: ya Katanga kwanza, kisha ya Haut-Katanga tangu jimbo la zamani kugawanywa mwaka wa 2015. Viti vilivyotengenezwa kwa watazamaji wa muziki na michezo ya kuigiza sasa vinabeba wabunge. Watu wanaoingia pale wanaenda kusikia mipango ya gavana na bajeti ya jimbo.

Si dhambi kwa wabunge kuwa na jengo. Bunge linahitaji nafasi, na ilikuwa nyumba iliyokuwa tayari. Lakini jambo moja lazima lisemwe: siku ukumbi ulipohamia siasa, wasanii hawakujengewa mwingine wa kipimo kile. Théâtre ya Kiswahili yenyewe ilikulia fasi ingine. Kundi la Mufwankolo, lililochekesha na kufundisha Katanga nzima kwa Kiswahili chetu cha kila siku, lilijulikana zaidi kupitia redio na televizio. Antena njo ilikuwa sale yao.

Wakati wa Gécamines

Tarehe 1 mwezi wa kwanza, 1967, mali ya Union Minière ilichukuliwa na serkali. Kampani mupya ikaitwa Gécomin, kisha Gécamines. Kambi, hospitali, shule na serkle vilibadilisha mwenyewe, lakini desturi ilibaki: kampani njo baba na mama.

Kwa miaka karibu ishirini desturi hiyo ilitembea. Kampani ililipa mulinzi, taa, rangi ya ukuta, vifaa vya michezo. Wakubwa wa kazi walikuwa na serkle yao, wafanyakazi wa kawaida na yao. Rangi ya ngozi iliacha kuwa ukuta, lakini cheo kikabaki. Chama cha MPR nacho kilitumia masale na viwanja kwa animation politique, ngoma za kumusifu Mobutu, na mutumishi aliyekataa kucheza alijua atapata shida.

Kisha nguzo ilianguka. Mu miaka ya katikati ya 1980 Gécamines ilitoa karibu tani 470 000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9, 1990, mugodi wa Kamoto, Kolwezi, ulibomoka. Mwaka wa 1991 pillage ilipita mu miji ya inchi. Mwaka wa 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa. Ku stesheni ya treni ya Likasi jamaa nyingi zilingoja treni muda murefu, na wengine walikufa wakingoja. Mwaka wa 1993 Gécamines haikufika hata tani 50 000.

Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitolewa ku kazi mu mpango wa départs volontaires uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Mu hali hiyo nani angelipa fundi wa kubadilisha bati la serkle? Kampani iliyoshindwa kulipa posho haiwezi kununua nyavu za voleboli.

Sale inakufa namna gani

Sale haifi siku moja. Inaanza na bati moja lililotoboka. Maji yanashuka polepole, mbao za juu zinaoza, muchwa unaingia. Chini ya kukanyaga kunavimba. Kisha waya za umeme zinaibiwa, kwani ndani yake kuko shaba. Taa zikikosa, watu wanaacha kuja jioni. Watu wakiacha kuja, mulinzi anaacha kuchunga. Mulinzi akienda, milango na vitanzi vinamufuata. Nyuma ya miaka michache kunabaki kuta nne, na mutu mwenye feza anauliza kama anaweza kuweka depo.

Neno la umeme linauma kwa pekee hapa Likasi. Kituo cha Mwadingusha, ku muto Lufira, kilianza kazi mwaka wa 1930. Koni, chini yake kidogo, mwaka wa 1950. Vyote viwili haviko mbali na muji, na Mwadingusha ilitengenezwa upya mu miaka ya nyuma kwa feza ya kampani za migodi. Lakini anayetaka kufanya konseri ya usiku anatafuta kwanza jenereta na mafuta, kisha mwimbaji.

Fasi zenye paa zilizobaki mu mikono inayojilipia ni zile za kanisa, za shule na za biashara: sale za ndoa. Kanisa linachunga vizuri, lakini ni haki yake kuchagua muziki gani uingie. Shule inafungua kwa wanafunzi wake. Sale ya ndoa inafungua kwa mwenye kulipa. Stade ya Kikula nayo iko, na watu wanaipenda, lakini ni ya mupira wa mguu na haina paa juu ya uwanja.

Majirani wamefanya nini

Kenya ilipopokea Michezo ya Afrika mwaka wa 1987, ilijenga Kasarani, Nairobi, na ndani yake uwanja wa ndani wenye viti karibu 5 000. Kigali ilifungua ukumbi wa viti 10 000 mwaka wa 2019, na mechi za ligi ya basketi ya Afrika zinachezwa mule. Kinshasa ilipopokea Jeux de la Francophonie mwaka wa 2023, jimnazi mupya zilijengwa.

Mu mifano hii mitatu kuko funzo moja: serkali ilijenga kwa sababu ya wageni, siku ya mashindano ikikaribia. Likasi haingoji mashindano ya dunia. Itabidi ijenge kwa sababu ya watoto wake, na kwa kipimo chake. Muji wa ukubwa wa Likasi hauhitaji viti 10 000. Sale ya viti elfu moja inayofunguka kila siku ni afadhali kuliko jumba kubwa linalofunguka mara mbili kwa mwaka.

Feza inaweza kutoka wapi?

Hapa kuko habari ambayo kila mukaaji apaswa kujua. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwezi wa 3, 2018, inagawa redevance minière, malipo ambayo kampani inatoa juu ya madini inayouza, mu vipande vinne: asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa entité territoriale décentralisée ya fasi madini yanapotoka, na 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Muji na komine ni kati ya hizo entité.

Kando ya hiyo, kampani ya mugodi inapaswa kuweka angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaozunguka mugodi, na kuandikiana nao cahier des charges. Mu karatasi hiyo watu wanasema wenyewe wanataka nini: kisima, barabara, zahanati, shule. Hakuna sheria inayokataza kuandika sale ya michezo. Lakini maji na dawa vinakuja mbele, na hakuna atakayelaumu mama anayechagua kisima. Sale itapata nafasi siku wazazi wataona kwamba kijana mwenye fasi ya kucheza jioni ni kijana asiyetafutwa usiku ku polisi.

Maswali matano kabla ya jiwe la kwanza

Siku kiongozi ao kampani itakuja na mpango wa sale, historia hii inafundisha kuuliza mambo haya:

1. Jengo litaandikwa kwa jina la nani: muji, komine, jimbo, kampani, kanisa ao shirika? Karatasi ya lupango iko wapi?
2. Nani atalipa taa, maji, mulinzi na fundi mwaka wa pili, wa tano na wa kumi?
3. Uwanja uko na kipimo gani? Handiboli itaingia? Paa liko metre ngapi?
4. Bei ya kuingia na ya kukodi itaamuliwa na nani, na timu za vijana na za wasichana ziko na saa zao ku programu?
5. Wakubwa wakibadilika, nini kitazuia sale isigeuzwe biro, depo ao fasi ya mikutano ya chama?

Maswali haya hayataki injinia. Mwenyekiti wa timu ya mutaa anaweza kuyauliza, na mama anayeuza bitumbua mbele ya uwanja pia. Wafanyakazi wa zamani walijengewa serkle bila kuulizwa, na walinyanganywa bila kuulizwa. Théâtre ya Lubumbashi ilibadilisha kazi bila wasanii kukaa ku meza.

Tarehe za kukumbuka

1906: Union Minière inaanzishwa.
1929: kiwanda cha Shituru kinaanza kutoa shaba.
1931: Likasi inaitwa Jadotville.
1941: mugomo na mauaji ya wafanyakazi.
1952: Hugh Tracey anamurekodi Mwenda Jean Bosco, Jadotville.
1956: théâtre ya Élisabethville inamalizika.
1957: uchaguzi wa kwanza wa komine.
1966: jina la Likasi linarudi.
1967: mali ya Union Minière inachukuliwa na serkali.
2003: départs volontaires za Gécamines.
2015: Haut-Katanga inakuwa jimbo.
2018: sheria ya migodi inabadilishwa.

Mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 ikianguka, viwanja vya sementi vitanyamaza tena na watoto watasimama chini ya baraza wakishika mupira. Paa linaweza kujengwa kwa mwaka mumoja. Kukubaliana nani atachunga ufunguo kutachukua muda zaidi, na hiyo njo kazi ambayo wakaaji wanaweza kuianza leo bila kungoja feza ya mutu.